Lampi za redio na ampli: tubadilishe siku gani?

Pengine katika nyumba yako, ao kwa muzee wa jirani, ingali iko redio moja kubwa ya mbao, yenye kitambaa mbele, vifungo vinene na jicho la kijani linalofunguka polepole. Pengine ni pikapu ya kucheza sahani za zamani, ao ni ampli ya gitaa ambayo korali inaazima siku ya sikukuu. Vyombo hivyo vinafanya kazi na lampi za kioo, ambazo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huziita vali. Lampi hizo zinazeeka. Basi swali linakuja: ni siku gani inafaa kubadilisha lampi, na ni siku gani inafaa kuiacha?

Swali hili si la mchezo. Lampi inatoka mbali na inalipwa kwa dola. Mtu aliyeuza gramu zake za zahabu kule Salamabila, ao kilo zake za kasiterite kule Kampene, anaweza kumaliza feza ya minervali ya watoto kwa kununua lampi tano. Anaziweka, na ugonjwa unabaki ule ule. Mwingine anaacha lampi mbaya inaendelea kuwaka mpaka inachoma transfo, na hapo chombo chote kimekufa. Tena kuna hatari kubwa kupita hizo: mkono wa mtu kuingia katika umeme wa volti 250.

Jibu kwa ufupi ni hili. Lampi haibadilishwi juu ya miaka yake. Inabadilishwa juu ya alama inayoonyesha, na nyuma ya kupimwa. Mwenye chombo akijua alama hizo hatadanganyika, na fundi mwema atafurahi kufanya kazi na mtu anayeelewa.

LAMPI INAFANYA NINI NDANI YA KIOO?

Ndani ya kioo hewa yote imetolewa. Katikati kuna waya mwembamba unaopata moto. Waya huo unapasha kijibomba cha nikeli kilichopakwa unga mweupe, kinachoitwa katodi. Kijibomba kikifika moto wa nyuzi 700 na kupita, ule unga unatoa elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme. Elektroni zinaruka mpaka kwenye bati la pembeni linaloitwa plaki.

Katikati ya njia kuna wavu. Sauti ndogo inayotoka kwenye kituo cha redio inaingia katika wavu huo, nao unafungua na kufunga njia ya elektroni. Wachimbaji wataelewa haraka: ni sawa na kibao cha mfereji wa kusafishia mchanga wa zahabu. Mkono wa mtoto unaweza kusukuma kibao, na maji mengi yanafuata. Mwingereza Fleming alitengeneza lampi ya kwanza ya namna hii mwaka wa 1904, ikiwa na katodi na plaki tu. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza wavu, na hapo sauti ndogo ikaweza kufanywa kubwa.

Wachimbaji wa Maniema wana haki ya kuangalia lampi kwa jicho lingine. Waya ule wa moto ni tungsteni, inayotoka katika wolframu, jiwe ambalo kule Kalima linapatikana pamoja na kasiterite. Linafaa kwa kazi hiyo kwa sababu haliyeyuki mpaka nyuzi 3422. Na ile bati inayounganisha waya chini ya redio inatoka katika kasiterite, nayo inayeyuka kwa nyuzi 232 tu. Hatusemi kwamba lampi yako ilitoka katika shimo la baba yako, lakini mawe ni ya ukoo mmoja.

Sasa lampi inazeeka namna gani? Kwa njia nne. Unga wa katodi unakwisha nguvu, na elektroni zinapunguka. Hewa inaingia ndani polepole ao kwa ufa. Waya wa moto unakatika. Mwisho, vile vijiti vya chini vinashika kutu, ao vipande vya ndani vinalegea na kuanza kupiga kelele.

TUNAHESABU MASAA

Umri wa lampi unapimwa kwa masaa ya kuwaka. Lampi kubwa ya nguvu, ile inayosukuma bafle, kwa kawaida inafanya masaa 2000 mpaka 5000. Lampi ndogo za mwanzo wa ampli mara nyingi zinafika masaa 10 000 na kupita.

Fanya hesabu. Redio inayowaka masaa 3 kila siku inatumia karibu masaa 1100 kwa mwaka. Lampi yake ya nguvu, ikiwa ya masaa 3000, itachoka karibu na mwaka wa tatu. Lakini ampli inayowaka masaa 2 kila siku ya Mungu inatumia masaa 104 kwa mwaka. Lampi ile ile itaweza kufanya karibu miaka 29! Kwa hiyo mtu akikuambia, «Lampi hii iko ya zamani, itupwe,» umuulize: imewaka masaa ngapi? Lampi iliyokaa katika karatoni yake miaka 50 bila kuwaka inaweza kuwa nzima kabisa, ikiwa hewa haikuingia.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bandika karatasi nyuma ya redio. Andika tarehe ya kuweka kila lampi na masaa inayowaka kwa juma. Ni kazi ya dakika moja, na itakulinda miaka mingi.

MBELE YA KULAUMU LAMPI

Hapa kwetu lampi inabeba zambi za wengine. Mbele ya kufungua mfuko wa feza, angalia mambo haya.

Umeme. Lampi nyingi za Ulaya zinataka volti 6,3 kwa waya wa moto. Zinavumilia kupanda ao kushuka kwa sehemu moja ya kumi, yaani kutoka 5,7 mpaka 6,9 hivi. Grupu ikianza kuchoka, volti 220 zinashuka mpaka 170, na sauti inakuwa ya kulia. Grupu ikikimbia sana, volti zinapanda na lampi zinakufa upesi. Pima umeme wa nyumba kwanza. Tena, nyuma ya redio nyingi za zamani kuna kifungo cha kuchagua volti: 110, 125, 145, 220, 245. Angalia kama hakuna mtoto aliyekigeuza.

Kituo chenyewe. Redio za zamani zinashika mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Vituo vingi vimeacha mawimbi mafupi na kuhamia FM, na redio nyingi za zamani hazina FM. Redio ikinyamaza mchana, ngojea usiku, zungusha sindano yote. Ukisikia vituo vya mbali, hata vya lugha nyingine, lampi zako zinafanya kazi. Ni watangazaji ndio waliohama.

Uchafu. Majira ya mvua vijiti vya lampi vinashika kutu, na mende wanapenda joto la redio. Chombo kikiwa kimezimwa na kupoa, na waya umeondolewa ukutani, fundi atoe lampi moja moja, asugue vijiti polepole, azirudishe mahali pake. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo, bila kununua kitu.

Tena, redio nyingi zina matundu mawili nyuma yaliyoandikwa PU, yaani ya pikapu. Ukitia hapo muziki wa simu na ukasikika vizuri, basi lampi ya nguvu na transfo ni nzima, na ugonjwa uko upande wa kushika kituo. Lakini angalisho kubwa: usifanye hivyo kwa redio ambayo majina ya lampi zake yanaanza na herufi U. Tutaeleza sababu chini.

ALAMA SABA

1. Doa la feza limekuwa jeupe. Juu ya kioo, ao pembeni, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni bariumu, iliyowekwa ili ikamate hewa kidogo iliyobaki ndani. Likiwa la feza, la kahawia ao jeusi, ni sawa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Lampi hiyo imekufa, itolewe mara moja na isiwashwe tena.

2. Haiwaki kabisa. Zima, ngojea ipoe, na fundi apime waya wa moto. Ukiwa umekatika, hakuna dawa. Lakini kama lampi zote zimezimika pamoja, usinunue zote! Katika redio za herufi U nyaya za moto zimefungwa kwa mstari mmoja, kama shanga. Lampi moja ikikatika, zote zinazimika. Tafuta ile moja.

3. Plaki imekuwa nyekundu. Tunasema juu ya bati la pembeni, si juu ya ule waya wa katikati ambao kila siku ni mwekundu. Bati likianza kuwa jekundu kama mkaa, zima hapo hapo. Mara nyingi lampi yenyewe haina kosa. Soma sehemu inayofuata.

4. Sauti imechoka. Chombo kinachukua muda mrefu kuamka, ngoma za chini zimepotea, na ukiongeza sauti inapasuka. Hiyo ndiyo alama ya katodi iliyokwisha. Inakuja polepole, mwezi kwa mwezi, hata masikio yanaizoea.

5. Kelele. Mlio wa kukaanga mafuta, ao wa kengele ukigusa sanduku. Piga kila lampi taratibu kwa kalamu ya mti. Ile inayojibu kwa kelele ndiyo yenye ugonjwa. Ikiwa ampli yako ni ya stereo, badilisha lampi za kushoto na za kulia: kelele ikihama pamoja na lampi, umeipata. Kelele ikibaki mahali pake, lampi haina kosa.

6. Nuru ya zambarau ao ya waridi katikati ya vipande. Hiyo ni hewa ndani. Lakini nuru ya bluu inayoshikamana na kioo cha lampi ya nguvu ni ya kawaida. Watu wengi wametupa lampi nzuri juu ya bluu hiyo.

7. Mngurumo. Huu mara nyingi si wa lampi. Ni kondensateri kubwa za kusafisha umeme, ambazo ndani yake maji ya dawa yamekauka. Zinakufa mbele ya lampi, na bei yake ni ndogo.

Na jicho la kijani? Lampi yake, kwa mfano EM80, inafifia na miaka, lakini sauti haitegemei jicho. Likififia, uliache. Ni sawa na rangi ya mlango: nyumba haianguki juu ya rangi.

UGONJWA ULIO NYUMA YA LAMPI

Tuchukue mfano. Mama mjane ana redio ya marehemu bwana yake, yenye lampi tano. Sauti inapasuka, na lampi ya nguvu inakuwa nyekundu nyuma ya dakika kumi. Anaita fundi kijana wa mtaa.

— Mama, hizi lampi zote zimekwisha. Inapashwa tununue tano mupya.

— Papa fundi, umepima?

— Kupima nini, Mama? Redio hii iko ya mwaka wa 1958!

— Mwanangu, mimi niko wa mbele ya 1958, na bado ninalima. Pima kwanza.

Mama huyo ana haki. Katikati ya lampi ndogo na lampi ya nguvu kuna kondensateri moja ndogo kama kidole cha mtoto. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme mkubwa. Katika redio za miaka ya 1950 kondensateri hiyo ilitengenezwa kwa karatasi na nta. Karatasi inavuta maji ya hewa, na katika hewa yetu yenye majimaji inaharibika zaidi. Ikianza kuvuja, umeme mkubwa unaingia katika wavu wa lampi ya nguvu. Wavu unaacha mlango wazi, elektroni zinakimbia bila kipimo, plaki inakuwa nyekundu.

Ukiweka lampi mpya hapo, itakuwa nyekundu vile vile na kufa kwa muda mfupi. Utanunua ya tatu. Mwishowe transfo ya sauti itaungua, na transfo ile hakuna wa kukuuzia Kasongo.

Kipimo ni rahisi kwa fundi mwenye mita: apime volti za wavu wa lampi ya nguvu kwa kulinganisha na shasi. Katika redio nyingi za nyumbani inapaswa kuwa karibu 0. Akikuta volti 5, 10 ao 15 za chanya, aiondoe ile kondensateri na kuweka mpya ya nanofaradi 10 ao 22, kama ilivyoandikwa juu ya ile ya zamani, yenye kuvumilia volti 400 ao 630. Kiisha apime tena. Volti zikiwa bado ziko, hapo ndipo lampi ina kosa. Zikipotea na plaki ikabaki nyeusi, lampi imepona, na minervali ya mtoto imebaki katika sanduku.

KUPIMA NGUVU YA LAMPI

Mafundi wa mashirika makubwa walikuwa na mashine ya kupimia lampi. Sisi hatuna, lakini kuna njia. Tuchukue lampi EL84, ambayo ilitiwa katika redio na ampli nyingi za Ulaya. Chini ya katodi yake kuna rezistansi ndogo, mara nyingi ya omu 130 ao 150. Lampi yenye afya, ikipata volti 250 kwa plaki, inaleta volti 7 hivi juu ya rezistansi hiyo. Fundi akikuta 7 ao karibu yake, lampi ina nguvu. Akikuta 4 ao chini, na volti za plaki ziko sawasawa, na rezistansi yenyewe ni nzima, lampi imechoka. Akikuta 10 ao 12, kuna kitu kinachoivuruga. Arudi kwenye ile kondensateri.

Fundi na aandike namba katika daftari lako. Mwaka unaofuata mtalinganisha. Lampi iliyopoteza theluthi moja ya nguvu, weka akiba na uanze kuitafuta nyingine. Usingojee mpaka sikukuu ya Noeli ndiyo inyamaze katikati ya wimbo.

NGAPI KWA MARA MOJA?

Redio ya nyumbani yenye lampi moja ya nguvu: badilisha ile iliyo mbaya tu. Ampli yenye lampi mbili za nguvu zinazopokezana kazi: badilisha zote mbili pamoja, na ziwe zimepimwa kuwa sawa, kwa maana ni kama watu wawili wanaobeba machela. Mmoja akiwa dhaifu, mgonjwa anaanguka. Katika ampli nyingine kuna skrubu ya kurekebisha nguvu ya lampi. Basi kila mara ukiweka mpya, fundi arekebishe tena. Lampi ndogo zinabadilishwa moja moja. Lampi ya kunyoosha umeme, kwa mfano EZ80 ao GZ34, ibadilishwe ikionyesha cheche ndani, ao ikishindwa kutoa volti zake.

Ukiagiza, ujue kwamba lampi moja ina majina mawili ao matatu. EL84 ya Ulaya inaitwa 6BQ5 kwa Wamarekani. ECC83 ni 12AX7. ECC82 ni 12AU7. EZ80 ni 6V4. EL34 ni 6CA7. Usikatae lampi nzuri juu ya jina tu, na usikubali jina lisilo ndani ya orodha ya fundi. Hata herufi ya kwanza inasema kitu: E ni ya volti 6,3; D ni ya majiwe, volti 1,4; U ni ya mstari. Viwanda vya lampi vilivyobaki duniani ni vichache, kama vile Slovakia, Urusi na China. Vinatengeneza zaidi zile za ampli. Lampi nyingi za kushika kituo, kama ECH81, zinatoka katika akiba ya zamani ao katika redio zilizokufa. Kwa hiyo usitupe redio iliyoungua: toa lampi zake, zifunge katika karatasi, andika majina.

REDIO ZA MAJIWE

Kuna redio za lampi ambazo hazikuhitaji umeme wa kampuni. Mfano unaojulikana sana ulitoka ngambo ya mpaka wetu wa kusini, katika inchi inayoitwa leo Zambia. Mwaka wa 1949, Harry Franklin wa idara ya habari ya Lusaka alifanikisha, pamoja na kampuni Ever Ready ya Uingereza, redio ndogo ya mviringo yenye rangi ya bluu. Umbo lake lilikuwa kama sufuria, na watu waliiita redio ya sufuria. Ilikuwa na lampi nne na ikauzwa paundi 5, bila kuhesabu majiwe. Wachimbaji wa shaba wa Copperbelt waliinunua. Jiwe lake kubwa lilifanya karibu masaa 300. Ona basi: jiwe lilikwisha mara nyingi, lampi zikabaki.

Fundisho lile linafaa hata leo kwa redio yenye lampi za D, kama DK96, DF96, DAF96 na DL96. Sauti ikichoka, pima majiwe kwanza. Redio hizo zinataka majiwe ya namna mbili: volti 1,5 kwa waya wa moto, na volti 90 kwa plaki. Jiwe la volti 90 halionekani tena sokoni, lakini majiwe madogo 10 ya volti 9, yakifungwa kwa mstari, yanatoa 90 kamili. Ole wako ukikosea nyaya! Volti 90 zikigusa waya wa moto wa volti 1,4, lampi zote nne zinakufa kabla hujafumba jicho. Basi alama kila waya kwa rangi.

USIFE JUU YA REDIO

Tunaomba sehemu hii isomwe kwa sauti nyumbani, watoto wakisikia.

Ndani ya redio ya lampi kuna volti 250 mpaka 300. Ukizima na kutoa waya ukutani, kondensateri kubwa zinaweza kulinda umeme huo kwa muda. Fundi azimalize kwa rezistansi, apime mpaka aone 0, ndipo atie mkono. Akipima chombo kikiwa kinawaka, mkono mmoja ubaki nyuma ya mgongo, na miguu iwe juu ya ubao mkavu, kamwe si juu ya udongo wenye maji.

Redio za herufi U, kama zile zenye UCH81, UL84 ao UY85, mara nyingi hazina transfo ya kutenga umeme. Shasi yake, yaani chuma cha chini, imeungana na umeme wa ukuta. Ndiyo sababu tulikataza kutia simu hapo: simu na mkono unaoishika vinaweza kupata volti 220. Kifungo cha mbele kikianguka, usizungushe kile chuma kilichobaki kwa vidole.

Mambo mengine mawili. Ampli ya lampi isiwashwe bila bafle, kwa maana transfo ya sauti inaweza kuungua. Na lampi isitolewe ikiwa ya moto: inachoma vidole, na kioo chake kinapasuka kwa haraka.

UVUMI WA MERKURI NYEKUNDU

Katika machimbo hakukosi maneno. Watu wengine wanazunguka wakisema kwamba ndani ya redio za zamani kuna «merkuri nyekundu» ya bei ya maelfu ya dola. Uvumi huo umepita inchi nyingi. Mwaka wa 2009 huko Saudia watu walinunua cherehani za zamani za Singer kwa bei ya wazimu juu ya uvumi huo huo, na polisi ilisema kwamba ni udanganyifu. Katika lampi za redio ya nyumbani hakuna merkuri nyekundu. Kile kinachong'aa ni bariumu tuliyoeleza, kidogo sana, isiyo na soko, na ukivunja kioo inageuka unga mweupe.

Kuna lampi kubwa za mashine za kurushia matangazo zenye merkuri ya kweli, ile ya kukamatia zahabu. Ukikuta lampi yenye matone ya feza yanayotembea ndani, usiivunje: mvuke wake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Anayekuja kununua redio yako ili avunje lampi zake hana biashara, ana hila.

KABLA YA KULIPA

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza, anahesabu gharama, asije akachekwa. Mwenye redio naye akae kwanza. Akiitwa kulipa lampi mpya, aulize maneno matano haya, kwa upole na kwa heshima, kwa maana fundi ni mtu wa kazi na anastahili malipo yake:

— Umeme wa nyumba umepimwa?

— Vijiti vya lampi vimesafishwa?

— Kwa wavu wa lampi ya nguvu kuna volti ngapi?

— Kwa katodi kuna volti ngapi?

— Lampi gani ni mbaya, na alama yake ni ipi?

Fundi akijibu yote matano, mlipe bila kunung'unika, hata kama hakuweka lampi yoyote. Kupima ni kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyookoa feza yako. Asipojibu hata moja, funga redio, ifunike kitambaa, na umtafute mwingine. Lampi nzima iliyozimwa haiozi kama muhogo. Itakungojea.